Tairi Linaloliwa kwa Ndani

Ukisimama pembeni ya gari lile ungeapa kwamba matairi yake yana miaka miwili ya kuishi. Meno marefu, ubavu mweusi, maandishi ya kiwandani bado yanasomeka. Uongo mtupu. Mama Pacha alilala kifudifudi kwenye kokoto za uani, akapenyeza mkono nyuma ya gurudumu la nyuma la kushoto, na vidole vikarudi na damu. Nyaya. Tairi la tatu katika miezi mitatu lilikuwa limeliwa upande wa ndani mpaka nyaya zimechomoza kama miiba ya samaki, huku upande wa nje ukitabasamu.

Alifuta damu kwenye gauni akabaki amelala pale pale, shavu juu ya kokoto. Alikuwa akipiga hesabu ya saa.

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Kesho yake, saa nane mchana, mume wake alitakiwa awe kitandani kwenye mashine ya kusafisha damu, katika hospitali kubwa iliyokuwa mwendo wa saa tatu kwa gari, ng'ambo ya milima miwili. Figo zake zilikuwa zimegoma zote. Jumatano na Jumamosi, Jumatano na Jumamosi, ndiyo iliyokuwa kalenda yao sasa. Basi lilishindikana tangu siku ya kwanza, kwa sababu hakuweza kupanda ngazi zake wala kukaa wima saa tatu. Lilibaki gari lao dogo, kiti cha nyuma upande wa kushoto, godoro limekunjwa mgongoni na miguu imenyooshwa kuelekea mlango wa pili.

Tairi la kwanza lilipasuka kwenye kona wakachelewa. La pili lilipasuka katikati ya mlima wa kwanza, hawakufika kabisa, na usiku huo na uliofuata mume wake alilala ameketi, anavuta hewa kama mtu anayekunywa kupitia kitambaa. Waliporudi Jumamosi muuguzi mkuu wa chumba cha mashine, mwanamke mpole asiyependa kurudia maneno, alimwita Mama Pacha pembeni. Alimwambia vitanda ni sita na watu wanaongoja ni kumi na tisa. Akasema kitanda kikikosa mwenyewe mara moja zaidi kitapata mwingine, na atakayekipata hataondolewa. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetangaza mvua.

Kulikuwa na tairi la akiba, zee, lenye meno ya kwenda na kurudi mara moja kama magurudumu ya gari yamenyooka. Kama hayajanyooka, lingeliwa kabla ya mlima wa pili. Duka la matairi lilikuwa limekwisha kumwambia saizi ile inakuja Ijumaa.

Basi akainuka akaanza kazi aliyoichukia kuliko zote, ya kulivua gari nguo kabla ya kulipeleka gereji. Alitoa godoro. Akatoa mito mitatu, dumu la maji, beseni la kutapikia, kiti cha magurudumu kilichokunjwa kwenye buti. Alifagia, akafuta vioo, akapulizia manukato mpaka harufu ya dawa ikazama. Alipomaliza, gari lilikuwa gari la mtu asiye na shida.

Hiyo ilikuwa amri ya mume wake. Pale gereji walimjua kwa jina la Tani Kumi, kwa sababu aliendesha lori la tani kumi miaka ishirini na mwili wake haukuwa mbali na lori lenyewe. Alikuwa akishuka garini, gereji nzima inageuka. Alikuwa akibeba gurudumu la lori kifuani kama mtu anayebeba mtoto, na akicheka, mabati yanaitikia. Maradhi yalipomwangusha alimshika mkewe mkono akamwambia, wakiniulizia, nimepata safari ndefu nje ya nchi. Mama Pacha akabeba uongo ule kama alivyobeba mimba ya mapacha, mzito na wa pande mbili.

Gereji ilikuwa uwanja wa saruji, paa la mabati, shimo la kuingilia chini ya magari, na harufu ya mpira ulioungua. Mwenye kusifika pale alikuwa Fundi Kamba. Wengine walikuwa na mashine za taa za kupimia kama magurudumu yamenyooka. Yeye alisimamisha vyuma vinne pembe nne za gari, akavuta uzi mwembamba mbavu zote mbili, akapima kwa rula umbali wa kila ukingo wa ringi kutoka kwenye uzi. Madereva walikuwa wakitoka kwenye mashine za taa wakija kwake kuhakikisha.

Alipomwona Mama Pacha kwa mara ya tatu uso wake ulikunjamana. Mpiga rangi, mwenye mdomo usio na breki, akawahi kuuliza kama Tani Kumi bado hajarudi, na kama huko nje hajapata dereva mwingine wa kumwendesha. Watu wakacheka. Mama Pacha naye akacheka, kwa sababu mke wa mtu aliyesafiri hucheka.

Kamba alivuta uzi. Alipima mbele, akapima nyuma, akapiga magoti, akafumba jicho moja. Alirudia mara mbili. Kisha akakunja rula yake taratibu.

"Shemeji, uzi hauna undugu na mtu. Gari hili limenyooka."

"Sasa tairi linaliwa na nani?"

"Na anayeendesha."

Akaongeza kwamba mtu akiparamia kingo za barabara kila siku, hata malaika wa magurudumu hawezi kumsaidia. Mpiga rangi akamshauri amsubiri mume wake amwongezee masomo. Mama Pacha alisimama katikati ya kicheko kile amekaza mdomo. Ulimi wake ulikuwa na maneno manne tu, mume wangu anakufa nyumbani, akayameza yote manne. Akawaomba wamfungie lile tairi la akiba, akaondoka.

Alimkuta mume wake dirishani, miguu juu ya kigoda, imevimba mpaka vifundo vimepotea. Ukibonyeza kidole palibaki shimo. Mkononi alikuwa na kikombe chake cha maji, kimoja kwa siku nzima, amebakiza robo na anaitazama. Mapacha walikuwa kwa bibi yao; nyumba ilikuwa kimya kama chombo kilichooshwa.

Alimsimulia yote, na uzi, na rula, na masomo ya udereva. Mume wake alisikiliza huku akizungusha kikombe. Kisha akauliza swali la ajabu.

"Ulitoa kila kitu garini?"

"Kila kitu. Kama siku zote. Si ndivyo unavyotaka?"

Aligeuza uso kwenye dirisha. Mama Pacha alimjua mtu huyu miaka kumi na mitano. Alizijua hasira zake na usingizi wake, na shingo ile aliijua pia. Ilikuwa shingo ya mtu anayeficha jambo.

"Baba Pacha. Wewe umeishi juu ya magurudumu. Niambie."

Akamwambia. Alisema polepole, kwa sauti ile ya zamani ya dereva anayemfundisha utingo, na hilo ndilo lililoumiza zaidi. Springi ya nyuma kushoto ilikuwa imechoka siku nyingi. Gari likiwa tupu, inajikaza, gurudumu linasimama wima na fundi anaona sawa. Akikaa yeye, kilo mia na kumi na maji yasiyotoka mwilini, juu ya springi ile ile, matako ya gari yanashuka na gurudumu linatanua guu kama punda aliyezidiwa mzigo. Linakanyagia upande wa ndani. Linakwenda hivyo kilomita mia na hamsini, likijisaga kwenye lami. Wakifika akashuka, linajinyoosha, tena linamcheka kila anayelipima.

"Gari hupimwa na mzigo wake," alimaliza. "Kila dereva wa lori anajua."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu tairi la pili."

Mama Pacha alikaa chini. Tairi la pili ndilo lililowaacha mlimani. Baada yake kulikuwa na tairi la tatu, wiki tatu nzima, safari sita, yeye mbele ameshika usukani kwa mikono yenye jasho, akisikiliza kila mlio wa nyuma kama mama anavyosikiliza kikohozi cha mtoto. Na huyu nyuma yake, anajua.

"Na leo asubuhi umeniona natoa godoro. Umeniona nafuta vioo. Ukanyamaza."

"Wale watu wananijua nikiwa juu ya lori. Wakiniona hivi nilivyo, hata nikipona nitabaki hivi machoni mwao."

"Kwa hiyo ulipima. Upande huu Kamba asikuone, upande huu wanao wakue na baba. Ukaona mizani imesimama."

"Nilidhani litashika mpaka..."

"Mpaka nini?"

Alikunywa ile robo ya maji yote kwa mkupuo mmoja, na saa zilikuwa hazijafika kumi.

"Wahenga walisema mficha maradhi..." alianza Mama Pacha.

"Malizia."

"Simalizi."

Wote wawili walijua neno linalofuata, na halikuwa neno la kutamkwa ndani ya nyumba ile.

Jumatano saa moja asubuhi alimsaidia kuingia garini, godoro mgongoni, mito pande zote, shuka miguuni, kiti cha magurudumu kwenye buti, dumu na beseni mahali pake. Mume wake alidhani wanawahi barabara kuu. Walipofika njia panda Mama Pacha akakata kushoto.

"Unakwenda wapi?"

Akabadilisha gia.

"Mama Pacha. Nakuomba."

Miaka kumi na mitano hakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Mguu ulimlegea kwenye mafuta. Kisha akaikumbuka ile pumzi ya kitambaa, akakanyaga.

"Simamisha nishuke," alisema mume wake. Sasa ilikuwa hasira, alipiga kiti cha mbele kwa kiganja. "Nimesema nishuke!"

Akasimamisha. Katikati ya barabara, pikipiki zikimpita pande zote na kumtukana. "Haya, shuka," akasema.

Alisema huku akijua mtu yule hawezi kuufungua mlango na kuutoa mwili wake nje bila mabega yake yeye. Alimwona kwenye kioo akishika kitasa, akikiachia. Alijichukia kwa chuki ambayo hakujua anayo. Nyuma yake mume wake alilivuta shuka taratibu, akajifunika uso wote, na gari likaendelea.

Aliingia gereji moja kwa moja mpaka juu ya shimo. Mpiga rangi alikuwa na maneno tayari. Yalimfia mdomoni alipochungulia kioo cha nyuma. Mmoja baada ya mwingine waliacha spana zao wakasogea. Hakuna aliyeuliza ni nani yule aliye chini ya shuka. Mwili ule hata ukivimba, hata ukifunikwa, haukuwa na pacha mjini.

Fundi Kamba alikuja akipangusa mikono. Alitazama gari kwa nyuma, akaona jinsi lilivyoinama upande. Alitazama ndani. Mama Pacha alianza kueleza, figo, mashine, kitanda, saa nane. Kamba alimwinulia kiganja, akainama dirishani.

"Tani Kumi. Mara tatu umeniletea gari uchi nikalipima. Nikamwita mkeo hajui kuendesha, mbele za watu, na wewe uko nyumbani unajua. Aibu yako umeificha, yangu umeiweka wapi?"

Shuka halikutikisika.

Basi Kamba alimgeukia Mama Pacha, na mbele ya wale wale waliocheka jana akamwomba radhi, kwa sauti kubwa, akimwita dereva. Kisha akavuta uzi wake.

Safari hii alipima mara moja tu. Jana tofauti haikufika milimita moja. Leo rula ilionyesha milimita tisa. Alitoa sauti ya chini kama mtu aliyegongwa goti. Akaeleza haraka kwamba springi ya kubadilisha hana na muda hana, ila atachomeka vipande vya mpira mgumu katikati ya springi ile iliyochoka ili isilale, kisha ataingia shimoni kuzungusha bolti inayopanga gurudumu. Mgonjwa asisogee hata kidogo, abaki ameketi kama anavyoketi njiani.

Mpira uliingia. Bolti ikakataa.

Ilikuwa imeshikwa na kutu ya miaka. Kamba aliimwagia mafuta ya kulainisha, akangoja, akavuta. Akaongeza bomba refu kwenye mpini wa spana, wakavuta watu wawili. Spana iliteleza ikamchana mpiga rangi kifundo cha mkono. Mtu mmoja akaleta mtungi wa gesi waipashe moto; Kamba akamfukuza, tangi la mafuta lilikuwa shibiri moja kutoka pale na mtu yumo ndani. Saa tatu. Saa tatu na nusu. Jua lilipanda juu ya mabati na ndani ya gari hewa ikawa nzito, na kifua chini ya shuka kilianza kupanda na kushuka kwa haraka. Mama Pacha alifungua milango yote minne. Alimpepea kwa kipande cha boksi. Alitaka kuomba, akakuta maneno pekee aliyonayo ni namba: nane toa tatu, tano. Saa tano ikipita wako hapa, kila kitu kingine ni bure.

Saa nne na robo Kamba alitoka shimoni, macho mekundu.

"Nikiilazimisha itakatika," alimwambia kwa sauti ya chini. "Ikikatika gari halitoki hapa leo."

Mama Pacha alimtazama yule mtu mwenye sifa za mji mzima, akaona hana kitu mkononi zaidi ya spana. Akageuka, akaingia ndani ya gari, akapiga magoti kati ya viti, mdomo karibu na shuka.

"Nimekuleta hapa kwa nguvu," alisema. "Sitakuomba msamaha leo, nitakuomba ukiwa hai. Wewe umewahi kukwama na bolti kama hii porini, peke yako. Ulifanyaje?"

Shuka lilipumua. Lilipumua tena.

"Mwambie akaze kwanza."

"Nini?"

"Akaze!" Sauti ilitoka chini ya kitambaa, kavu, ya hasira, ya mtu asiyemsamehe yeyote. "Wote mnavuta kufungua. Aikaze kidogo tu, unywele mmoja, kutu ivunjike. Ndiyo afungue. Kamba amekuwa fundi lini?"

Kamba alisikia mwenyewe. Alirudi shimoni, akageuza spana, akakaza. Kwanza kimya. Kisha ukatoka mlio mwembamba, kama mlango wa nyumba iliyohamwa. Akafungua. Bolti ikazunguka.

Waliobaki uwanjani walishusha pumzi pamoja, hakuna aliyeshangilia. Kamba alipanga, akapima, akashuka tena, akapima. Ilipofika milimita mbili akafunga, akasema hizo mbili za mwisho angezipata kama angekuwa na saa nyingine, na saa hiyo si yake. Ilikuwa saa tano na dakika nne.

Mama Pacha aliendesha kama hajawahi kuendesha. Mlima wa kwanza aliupanda gia ya pili, malori yakimpigia honi. Hakusikia mlio wowote nyuma na hakuuamini ukimya ule. Kila kona aliisubiri ile sauti, kama mtu anayengoja kofi. Nyuma yake mume wake alikuwa ameshusha shuka mpaka kidevuni, anatazama nje. Mama Pacha alijaribu kumsemesha mara mbili, kwamba tairi limetulia, kwamba bado saa moja na robo. Mume alipoanza kutapika, alishika beseni mwenyewe.

Waliteremka mlima wa pili saa saba na nusu. Kwenye lango la hospitali mlinzi alitaka kukagua buti. Mama Pacha alitoa kiti cha magurudumu mwenyewe kabla hajamaliza sentensi. Hakujua alipata wapi nguvu za kuutoa mwili ule garini. Alimsukuma kwenye kishoroba kirefu chenye sakafu ya vigae vilivyolegea, gurudumu moja dogo la kiti likipiga kelele, na saa ya ukutani ikasoma saa nane na dakika mbili.

Mlango wa chumba cha mashine ulikuwa wazi. Muuguzi mkuu alisimama pale na faili mkononi. Mbele yake alisimama mwanamume mwembamba, mmoja wa wale kumi na tisa wanaongoja, kijana kuliko mume wake, ameshikilia mfuko wa nguo kifuani. Mkewe alikuwa amechuchumaa akimvua viatu. Kimoja kilikuwa kimeshatoka.

Muuguzi aliwaona. Alitazama saa, akatazama faili, akamtazama yule kijana kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akasogea upande, akaacha nafasi ya kiti kupita.

Kijana alitazama miguu iliyovimba ya mgeni, akatazama na yake, akarudi nyuma hatua moja, akaketi kwenye benchi. Mkewe alibaki amechuchumaa na kile kiatu mkononi, hajui akivishe au akiweke. Mama Pacha alisukuma. Njia ilikuwa nyembamba, na ilibidi yule mwanamke avute miguu yake ndani ili magurudumu yapite.